Kifua cha Luvanda

Siku mliyoniaga kwa keki na saa ya ukutani, mmoja wenu alinishika mkono akaniomba niandike kidogo habari za mahandaki, "ili na sisi tujifunze, mzee." Nimekubali, ila msinitafutie humu nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mnayajua kuliko mimi, tena mnayasimulia vizuri zaidi saa ya chai. Mkitaka hesabu za uzito wa udongo, vitabu niliviacha kabatini. Mimi nitaandika kuhusu mwamba, maji, na Mhehe mmoja aliyeitwa Festo Luvanda, msimamizi wa wachimbaji, ambaye tumemuaga juzi juzi hapa hapa Kariakoo. Mnisamehe kama habari yenyewe haichangamshi. Handaki nalo halichangamshi.

Siku yangu ya kwanza handakini niliingia na viatu vya ngozi. Ulikuwa mradi wa umeme wa maji, huko nyanda za juu kusini, ambako asubuhi ukipumua unaona pumzi yako. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kichwa kimejaa fomula. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Kato, Mhaya mrefu aliyechomekea shati hata mahali ambapo hakuna wa kumtazama. Nilitegemea anipe michoro. Akanipa mtarimbo mrefu kuliko mimi, akaelekeza taa yake juu.

"Gonga," akasema.

Nikagonga dari la mwamba.

"Umesikia nini?"

"Jiwe, mzee."

"Nenda hatua tano mbele, ugonge tena."

Nikagonga. Sauti ikawa nyingine, nzito, ya debe tupu. Mzee Kato akanivuta shati kwa nyuma, akachukua mtarimbo, akachokoa ufa uliokuwa pale juu, na bonge la ukubwa wa meza likaanguka pale nilipokuwa nimesimama. Akanirudishia mtarimbo wangu. Kwa mwezi mzima hakunifundisha jambo lingine lolote: jiwe zima linalia kama kengele, jiwe lililoachia linajibu kama debe. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nagonga ukuta, mke wangu ameshazoea.

Luvanda nilimkuta mwisho kabisa wa handaki, pale tunapopaita usoni, yaani ule ukuta wa mwamba ambao bado haujachimbwa. Alikuwa ameegemeza mashine ya kutobolea begani, mashine inayotoboa mashimo ya kutilia baruti. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Mhandisi mpya, kabila gani wewe?"

"Mngoni. Kwetu Songea."

Akaizima mashine. Akageukia wenzake akasema kwa sauti ya msiba, "Jamani, shimo letu limekwisha. Wametuletea panya mwenye shahada."

Nikamjibu, "Usijali. Nimepita getini sijasikia hata mbwa mmoja akibweka, nikajua Wahehe mmeshafika na mmeshashiba."

Wakacheka wote, na kuanzia hapo nikawa na mtu. Ninyi mliozaliwa mjini mnadhani utani ni zile picha za kuchekesha mnazotumiana kwenye simu. Babu zangu na babu zake waliuana kwa mikuki, wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watauana kwa maneno tu. Wangoni tunaambiwa tunakula panya, Wahehe wanaambiwa wanakula mbwa, na hakuna anayekwenda polisi. Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Mtani ndiye anayelala kaburini kabla ya marehemu, ndiye anayelizuia jeneza lisiondoke, ndiye anayemuigiza marehemu alivyotembea na alivyokula, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Na neno analolisema mtani msibani, hata liwe chungu namna gani, hakuna ndugu anayeruhusiwa kulikasirikia.

Sasa niwaambie habari ya maji, na hapa naomba mweke simu chini. Ile mashine ya kutobolea ina mpira wa maji. Maji yanapita katikati ya chuma cha kutobolea mpaka kwenye ncha, na jiwe linalosagika linatoka kama uji. Maji yakikosekana, jiwe lile lile linatoka kama vumbi. Vumbi jeupe, laini kuliko poda ya mtoto, linaloning'inia hewani mpaka mwanga wa taa unakuwa kama kitambaa kilichoanikwa mbele yako. Lile unaloliona si kitu. Linaloua ni lile usiloliona.

Kule milimani pampu ilikuwa inakufa kila baada ya muda mfupi, na mabomba yalikuwa yanapasuka kwa baridi na kwa uzee. Yakipasuka, ilitakiwa tusimame. Hatukusimama. Mzee Kato aligomba na wakubwa wa kampuni mpaka wakamhamishia ofisi moja ya mbali, yenye zulia. Baada yake nikaenda mimi, kijana mwenye hasira zangu zote, kwa meneja wa mradi.

"Bosi, watu wanatoboa pakavu. Nahitaji pampu."

"Pampu imeagizwa."

"Basi tusimame mpaka ifike."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto anayelilia mwezi. "Mhandisi, mwamba hauna haraka. Nchi ndiyo ina haraka."

Nikarudi usoni, nikafunga kipande cha khanga puani kama wengine. Khanga ile Luvanda ndiye aliyenikatia, kutoka kwenye khanga ya mke wake. Tukitoka shifti tulikuwa tunafanana wote, huwezi kujua nani Mngoni nani Mhehe, na Luvanda akitema mate alikuwa anasema, "Leo nimekula jiwe zima, mtani. Kesho choo changu kitakuwa kokoto, njoo uchukue za kuchanganyia zege." Tulicheka sana. Nikikumbuka kicheko kile sasa naumia, maana kucheka ni kuvuta pumzi.

Usitoboe mwamba mkavu. Likikataa bomba, kaa chini, hata ukitukanwa. Hilo ndilo somo lenyewe, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapa.

Baada ya mradi ule ilikuja mingine, ya reli na ya maji ya kunywa. Handaki moja linafanana na jingine kama usiku mmoja unavyofanana na mwingine, kwa hiyo sitawachosha. Luvanda alikuwa nami karibu kote, chini ya kampuni ile ile. Nikawa mimi naamua pa kupita, yeye anapitisha. Nilimsimamia mtoto wake wa kike, Upendo, ubatizo. Yeye alinisindikiza kwenda kuposa, akawaambia wakwe zangu kwamba nyumbani kwetu hatufugi paka, wasije wakatumalizia kitoweo. Nusura nikose mke.

Kazi yetu ya mwisho pamoja ilikuwa ya mjini. Mvua ikinyesha Kariakoo mnajua inavyokuwa: maji yanaingia madukani, mabunda ya vitenge yanaelea, na watu wanabebwa mgongoni kwa malipo. Ikaamuliwa maji yachimbiwe njia chini kwa chini mpaka bonde la Msimbazi. Huku hakuna mwamba wala baruti. Unachimba shimo refu la kushukia, unashusha bomba la zege ambalo mtu anaweza kutembea ndani ameinama, unalisukuma mlalo kwa jeki kubwa, unaleta jingine nyuma yake. Mchanga, maji ya chumvi, na juu yenu maghorofa yamejaa watu wanaouza simu na sufuria wasiojua kwamba mko miguuni mwao.

Tatizo la Kariakoo ni vyoo. Zile nyumba za Kiswahili za zamani, zenye vyumba pande mbili na uani nyuma, kila moja ilikuwa na choo cha shimo. Shimo likijaa linafukiwa, linachimbwa jingine pembeni. Nyumba ikivunjwa, ghorofa linapanda juu ya mashimo yote yale na hakuna mchoro hata mmoja unaoyaonyesha. Bomba letu likikutana na shimo kama hilo, mchanga unamiminika ndani na barabara ya juu inabonyea. Ilibonyea mara moja, mkokoteni wa vitunguu ukazama hadi ekseli, tukalaaniwa na soko zima. Kuanzia hapo nikawa napita nyumba kwa nyumba, mtu mzima na helmeti yangu kwapani, nikiuliza wazee vyoo vyao vya zamani vilikuwa wapi.

Nyumba ya Bi Zuhura ni kati ya zile chache ambazo hazijavunjwa, kwenye kichochoro karibu na barabara ya Msimbazi. Ni bibi wa Kizaramo, mwenye nyumba, mwenye ulimi.

"Shikamoo bibi. Samahani, choo chenu cha zamani kilikuwa upande gani?"

"Marahaba. Yaani baba, unaniuliza choo hujaniuliza jina?"

Nikaomba radhi, nikakaa, nikanywa kahawa chungu na kashata, nikaulizwa ukoo wangu wote, ndipo akanyanyuka na mkongojo wake akanionyesha mashimo yote, la babu yake, la baba yake, na la mume wake wa pili ambaye kwa maneno yake alilichimba ovyo kama alivyofanya kila kitu. Tukapitisha bomba salama. Bi Zuhura alikuwa na chumba kitupu, Luvanda alikuwa anatafuta pa kukaa karibu na kazi, mambo yakaenda hivyo. Akaleta mke wake, Mama Upendo, kutoka Iringa. Mama Upendo akaanza kutupikia sisi wa shimoni. Haukupita muda wabeba mizigo wa sokoni walikuwa wanapanga foleni kwenye meza yake, hapo hapo barazani kwa Bi Zuhura, na bibi mwenyewe alikuwa haanzi siku bila supu ya Mama Upendo.

Dalili nilianza kuziona kwenye ngazi ya shimo. Luvanda alikuwa anapanda nusu anasimama.

"Mhehe, unafanya nini hapo katikati?"

"Naangalia mandhari."

"Mandhari gani, ukuta wa zege?"

"Nyie Wangoni hamna jicho la uzuri." Lakini alilisema kwa vipande, neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. Siku chache baadaye nikamwambia abaki juu, asimamie ushushaji wa mabomba. Hakunibishia. Kutonibishia kwake ndiko kulikonitisha.

Kikohozi kikaja, kikakaa. Akakonda mpaka shati likawa linamvaa yeye. Hospitali ya kwanza wakasema kifua kikuu, akameza dawa zote mpaka mwisho. Hakupona. Wakamwanzishia upya. Hakupona. Daktari wa tatu, dada mdogo tu, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Baba, maisha yako umefanya kazi gani?" Akamwambia. Dada yule akaitazama picha ya mapafu muda mrefu, akatuita wote watatu, Luvanda, mke wake na mimi, akatueleza taratibu kwamba lile vumbi la jiwe likishaingia halitoki, linaendelea kulikausha pafu hata baada ya mtu kuacha kazi, na dawa ya kulitoa hakuna. Halimwambukizi mtu. Hilo alilirudia mara mbili, nadhani aliuona uso wa Mama Upendo.

Tatizo likawa mtaani. Uani kwa Bi Zuhura vyumba vimepangishwa na watu, bafu moja, kamba ya nguo moja. Mtu anakonda, anakohoa, anameza dawa miezi na miezi: Kariakoo haihitaji daktari kusoma hapo. Kamba ya nguo ikahamishwa. Kikombe cha Luvanda kikawa kinaoshwa peke yake. Wakaanza kunong'ona kuhusu kifua kikuu, halafu kuhusu ule ugonjwa mwingine ambao hautajwi kwa jina, halafu kuhusu Mama Upendo mwenyewe na alikoupata. Wabeba mizigo wakahamia kwa mpishi wa jirani. Nilipita siku moja saa ya chakula cha mchana, saa ambayo zamani hupati pa kuweka mguu, nikamkuta mama wa watu amekaa na sufuria zake zimejaa, anafukuza nzi. Bi Zuhura hakuwatukana. Aliwaambia kwa adabu zake zote za pwani kwamba nyumba inataka kukarabatiwa, na kuanzia sasa atawapangisha mwezi mmoja mmoja tu, mpaka atakapowaambia wahame.

"Umewaeleza?" nikamuuliza Mama Upendo.

"Nimewaeleza, shemeji. Nimewaambia ni vumbi. Wakacheka. Wakasema, vumbi? Kariakoo nani hali vumbi?"

Nikaingia chumbani kwa Luvanda nimefura. Alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito, maana kulala chali alikuwa hawezi tena. Nikamwambia naenda sasa hivi uani, nawaita wote, nawaeleza mimi mwenyewe, mhandisi, kwa lugha ya kitaalamu.

"Kaa," akasema. "Utawaambia nini? Mgonjwa akijitetea, wanasema ana la kuficha. Rafiki yake akimtetea, wanasema kalipwa."

"Kwa hiyo mke wako afe njaa kwa sababu ya midomo ya watu?"

Machozi yalimtoka. Nilikuwa namjua mtu huyu tangu ujana wetu na nilikuwa sijawahi kuyaona. Alipoweza kusema akasema, "Mimi naenda, Mngoni. Yeye anabaki. Iringa hana shamba wala nyumba, biashara yake ni hii baraza. Wakimfukuza hapa kwa jina baya, hakuna mtaa atakaopika watu wakala."

Kisha akanishika mkono. "Siku yangu, hawa wote watakuja. Wataogopa kuja, lakini watakuja, hakuna Mswahili anayekosa msiba wa jirani. Na hakuna anayeondoka kabla ya kula. Siku hiyo wewe si rafiki yangu, ni mtani wangu. Siku hiyo useme."

"Nitasema nini?"

"Mimi nikishakufa niwatungie na hotuba?" Akajaribu kucheka, kikamshika kile kikohozi, nikamshikia beseni.

Alikwenda asubuhi moja, mke wake akimpepea kwa kipande cha boksi. Sikulia siku ile. Nilizunguka kutafuta turubai na viti kama mtu aliyepewa kazi na ofisi.

Kichochoro kikafungwa. Turubai likafungwa kutoka ukuta wa Bi Zuhura hadi ghorofa la jirani, viti vya plastiki vikapangwa, masufuria yakawekwa motoni nyuma. Mwili ulikuwa unakuja kuagwa hapo, halafu safari ya Iringa. Na kama alivyosema, walikuja. Wapangaji, wabeba mizigo, wenye maduka, hata yule mpishi jirani. Ila walikaa mbali, viti vya karibu na jeneza vilibaki vitupu, na wanawake waliompa mkono Mama Upendo walikuwa wanaufuta kwenye khanga. Bi Zuhura alikaa mlangoni kwake hakusogea. Mabwana wawili wa kampuni walikuja na shada kubwa la maua, mmoja akasoma kwamba marehemu aliipenda kazi yake na atakumbukwa daima. Katekista akasali. Vijana wakainama kulinyanyua jeneza.

Mimi nilikuwa nimekaa na suti yangu ile niliyoagwa nayo kazini. Nimesimama mbele ya mawaziri nikaeleza michoro, lakini pale niliona aibu kama mtoto. Mama Upendo akainua macho kwenye mkeka akanitafuta mpaka akanipata.

"Mngoni," akasema, na watu wote wakasikia. "Unangoja nini?"

Nikasimama. Nikaenda nyuma kwa wapishi, nikachukua mchi wa kinu na sinia la unga wa sembe uliokuwa unangoja ugali. Nikarudi nikasimama kati ya jeneza na gari.

"Wekeni chini," nikawaambia vijana. "Huyu haendi popote. Mhehe gani anasafiri bila kuaga mbwa wa mtaa? Wapo wanaomlilia."

Akacheka mmoja, wazee wakajua ni nini kimeanza, wakasogeza viti. Mtu akamwambia mwenzake, ni mtani huyo.

"Nasikia mna majina mengi ya kilichomuua," nikasema. "Kuna waliosema kifua kikuu. Kuna waliosema ule ugonjwa wenyewe. Ule ugonjwa, huyu? Kwa sura ile, nani alimtaka?"

"Mimi nilimtaka," akasema Mama Upendo kutoka kwenye mkeka, anacheka huku analia, na turubai zima likaangua kicheko.

"Na mkaambiwa ni vumbi, mkasema Kariakoo nani hali vumbi. Haya. Hilo lenu mnalijua. Njooni muone la kwetu."

Nikaukandamiza mchi kwenye ukuta wa Bi Zuhura kama mashine ya kutobolea, nikautetemesha, nikanguruma kwa mdomo, na kila nikisukuma narusha konzi la unga juu. Nikasukuma, nikarusha. Nikasukuma, nikarusha. Ukaniingia nywele, nyusi, kola. Suti ikawa nyeupe. Watoto walipiga kelele za furaha. Nikaendelea mpaka kicheko kikaanza kupungua chenyewe, maana walikuwa wanaona sionekani vizuri ndani ya lile wingu.

"Hivi," nikawaambia. "Mchana kutwa, miaka na miaka. Ila huu ni unga, ukiumeza unashiba. Ule ni jiwe. Mapafu hayasagi jiwe. Daktari katwambia, halimwambukizi mtu, lingekuwa linaambukiza Mama Upendo angekuwa sanduku la pili hapa." Nikawageukia mabwana wa kampuni. "Na hawa, shada lao zuri. Lingekuwa mpira wa maji lingemfaa zaidi Mhehe huyu."

Mtani hakasirikiwi. Walitazama simu zao.

Bi Zuhura akanyanyuka. Alitembea na mkongojo wake kupita katikati ya viti, watu wakimpisha, mpaka kwenye mkeka, akajishusha kwa taabu akakaa ubavuni kwa Mama Upendo. Akamshika mikono yote miwili na hakuifuta popote. "Mwanangu, niwie radhi," akasema. "Mzike mwenzio, urudi. Chungu chako ni hapa hapa kwangu." Wanawake wengine wakasogea mmoja mmoja wakakaa. Nikaona wabeba mizigo wanakwenda kuligusa jeneza, na viti vya mbele vikajaa. Nilifurahi, wadogo zangu. Sitawaficha, kwa muda mfupi pale nilifurahi kabisa.

Lakini mtani haachi kazi nusu. Marehemu lazima aigizwe. Nikaweka mkono wa kushoto kiunoni, wa kulia ukutani, kama alivyokuwa akisimama kwenye ngazi, nikaanza kukohoa kikohozi chake, kile kikavu cha kukata kata. Walicheka mpaka wakashikana. Nikaona panatosha, nikataka kuacha.

Kikakataa. Nikameza mate, kikarudi. Nikadhani ni unga, nikageuka pembeni nikapenga, nikavuta pumzi, pumzi ikafika njiani ikasimama. Watu walikuwa bado wanacheka, na mmoja wa waliokaa nyuma alisema, anajua kuigiza huyu mzee, kama mwenyewe. Nikachuchumaa. Mikono yangu ilishika jeneza ili nisianguke.

Mama Upendo aliacha kucheka kabla ya wote. Alikuwa amekisikia kikohozi hicho miaka mitatu, usiku na mchana. Akaja akainama mbele yangu, akanifuta unga usoni kwa ncha ya khanga, akasema taratibu kwa sauti ya utani, maana watu walikuwa wanatutazama:

"Mngoni. Hicho ni chake au ni chako?"

"Chake, shemeji. Nimemuazima tu."

"Basi mrudishie. Anaondoka."

Vijana wakalinyanyua jeneza, wakalitia garini, milango ikafungwa. Nilibaki nimechuchumaa palepale, nakohoa.